Tao la Askofu na tangi la Makote

Saa mbili asubuhi, Isaka Banda anashuka kwenye lori lake nje kidogo ya Chiwata, anafungua mwanzi mrefu uliofungwa ubavuni mwa bodi na kuusimamisha katikati ya barabara. Anatazama juu. Anasonya.

Mbele yake limesimama tao la mianzi na makuti, limepambwa maua mekundu kutoka ukingo hadi ukingo. Mwanzi wa Isaka, aliokata sawasawa na kimo cha mzigo wake, unalipita tao hilo kwa mkono mzima.

"Juzi nimepita hapa, hakuna kitu," anasema. "Nchi hii barabara zake zinaota dari!"

Isaka ni Mnyasa, mtu wa Nyasaland. Alikuja Tanganyika kutafuta kazi, na huu mwaka wa 1957 ni wa tatu akiendesha lori la mfanyabiashara mmoja wa Masasi. Kwao alijua kila tawi lililoinama njiani. Huku ugenini amejifunza kutembea na mwanzi, baada ya tawi la mkorosho kung'oa paa la kichwa cha lori na yeye kusimamishwa kazi mwezi mzima.

Mzigo wa leo ni tangi la chuma la kukingia maji ya mvua, linakwenda zahanati ya misheni huko Makote, Newala. Limeungwa na miguu yake, halilaziki. Kule juu hakuna visima. Wanawake huteremka bondeni na madebe, na safari moja huwamalizia asubuhi nzima. Mawingu yameshaanza kujikusanya.

"Mvua ikitukuta bila tangi, maji yote ya kwenye bati yanaishia mchangani," anasema Paulina, mkunga wa zahanati, aliyekaa kiti cha mbele tangu Masasi. "Mzazi anakuja uchungu umemshika, na debe la maji yake mwenyewe kichwani. Mwaka mwingine tena? Hapana."

Filemoni, mzee wa kanisa, anatokea akiwa na panga na tabasamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mnyasa. Umeliona tao letu?"

"Limenizuia, nitaachaje kuliona? Ng'oeni nguzo, nipite, mzirudishe."

"Keshokutwa Askofu anakuja kutoa kipaimara. Tao likishasimama halishushwi mpaka apite. Tukilishusha, tumemkataa."

"Mlilipima kwa kipimo gani?"

"Kwa Sijaona. Alivaa kofia, akanyoosha mkono."

Sijaona, kijana mfupi kuliko wote waliopo, anainua mkono kuonyesha. Watu wanacheka. Isaka hacheki.

Anauliza njia ya mikoroshoni. Anakwenda kwa miguu na mwanzi wake, anarudi ametota jasho. Matawi yameinama kwa mabibo.

"Nikate mawili tu?"

"Kata," anajibu Sijaona. "Halafu umweleze Mzee Majaliwa mwenye shamba. Sisi tutakuja kukuzika."

Paulina anateremka. "Baba Agnes," anamwambia Filemoni, "mkeo alijifungulia kwangu. Unakumbuka maji tuliyatafuta kwa nani?"

Filemoni anageuka. Anaitazama barabara, analitazama tao.

"Kwani lazima tao lipande?" anasema. "Barabara na ishuke."

Majembe yanaletwa. Udongo ni mchanga, unachimbika upesi. Isaka ameshika kichwa.

"Nguzo zinawashinda, lakini barabara ya Serikali mnaichimba!"

"Barabara si ya Askofu," anajibu Filemoni, akiendelea kulima.

Adhuhuri shimo linatosha, isipokuwa unene wa kiganja. Isaka anapunguza upepo wa matairi, anaingia kwa gia ya kwanza. Makuti yanakwaruza chuma. Ua moja linaanguka juu ya tangi, na lori linatokea upande wa pili. Anajaza upepo kwa pampu ya mkono, akilaani kwa Kinyanja, huku nyuma yake shimo likifukiwa.

Kabla ya kuondoka anamwachia Filemoni ule mwanzi. "Mwakani pimeni kwa huu."

"Askofu ataonekana mfupi," anasema Filemoni.

Jioni tangi linasimamishwa chini ya mfereji wa bati, Makote. Paulina analigonga kwa kidole, lavuma. "Likijaa halitasema hivyo," anasema.

Isaka yuko pembeni, anakata mwanzi mwingine. Lori litarudi tupu, lakini watu wa Chiwata, anasema, bado wana kesho nzima ya kupamba.

"Ombi langu ni moja," anasema. "Mwakani Askofu aje kwa lori. Nitamwendesha mwenyewe, bure."