Kulala na Viatu

Katika kituo cha afya nilichofanyia kazi Bunia, ndoa ilikuwa imekatwa vipande viwili: ugomvi uliletwa kwangu, mwanasaikolojia niliyetoka chuoni karibuni, mambo ya kitanda yalipelekwa kwa daktari. Niliukataa mgawanyo huo siku nilipowapokea mume mmoja na mkewe kutoka Rwambuzi.

Ukoo wa mume ulikuwa umeshaamua: mke asipoacha kumkataa mumewe, atarudishwa kwao Boga, na watoto watabaki.

“Tuko mu amani, lakini muke yangu analala amefunga vitenge mbili,” mume alilalamika. “Si ni kunikataa?”

“Amani gani, baba ya batoto? Weye unalala na viatu!”

“Viatu ni ya kukimbia, kama wale watu ya bunduki wanarudia.”

“Ndiyo, ukimbie tena mbele! Siku ile walishambulia, nani alibakia nyuma na mama yako mu mugongo?”

Mume alivitazama viatu vyake. Ugomvi na mwili vilikuwa kidonda kimoja. Ningewezaje kukitibu nusu?

Mkubwa wangu wa kazi alinikemea: “Hauna hata ndoa, na unaingia mu kitanda ya watu?” Nilimjibu kwamba vita viliingia humo kabla yangu, bila kubisha hodi.

Niliwapa kazi ya nyumbani. Kwa muda wasikutane kimwili. Kila jioni wakae kitandani bila viatu, washikane mikono tu, na waizungumze siku ile ya shambulio. Anayeogopa aseme, na mwenzake asikasirike.

“Dokta,” mume alishangaa, “nimekuja unifungulie mulango, na weye unaongeza kufuli!”

Mke alicheka, kwa mara ya kwanza mbele yangu.

Wiki kadhaa baadaye walirudi, na baba mdogo wa mume akaingia nyuma yao kudai jibu.

“Amekubali ao bado?” aliniuliza.

Nilimwambia kwamba mwili wa mwanamke huyu si kesi ya ukoo. Alipoanza kufoka, mume alisimama.

“Baba mudogo, hakunikataa. Ni miye nilimuacha mu njia na mama. Kama iko mutu wa kurudisha kwao, munirudishe miye.”

“Bakurudishe wapi?” mke alisema, akimvuta mkono akae. “Kwenu si kwetu?”

Mzee aliondoka peke yake. Mkubwa wangu alinionya tena, nami nikamwambia wazi: yeyote atakayeleta ndoa yake kwangu, nitaipokea nzima.