Namba ya Chini

Usiku huo Mukagatare alikaa mbele ya kompyuta ya binti yake kama mtu anayekesha na mtoto mwenye homa. Mchana huuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, sokoni Gisenyi, na jicho lake limezoea mizani na wateja wenye haraka. Lakini picha hii ya maji ya buluu yakipita kando ya ukuta wa gati hakuielewa hata kidogo.

Kabla ya kujifungia chumbani, Uwera alikuwa amemweleza. Maji ameyagawa katika vijumba vidogo vidogo, na kila kijumba hupitisha maji kwa jirani yake.

"Bon, ile ya mwisho, kando ya ukuta, haina jirani. Ni mimi naiambia: maji ikigonga, irudi kwenye imetoka. Nikiiambia vibaya, maji inapotea."

"Kwani ukuta haiko pale?"

"Kompyuta haijue kama iko ukuta, mama."

"Mu ziwa hakuna mutu anaambia maji kitu."

"Basi ziwa ije initetee ku chuo." Uwera alicheka kwa uchovu. Asubuhi alipaswa kumtumia mwalimu hesabu hiyo. Maji yakipotea, angengoja mwaka mwingine mzima. "Angalia hii namba ya chini, ndio maji yote. Ikipungua, uniamushe. Ikisimama, uniache nilale."

Namba ikasimama. Kisha ikapungua kidogo, ikarudi. Je, huko ndiko kupungua? Mukagatare aliuendea mlango, akainua mkono, akaushusha. Msichana alikuwa hajalala tangu juzi.

Aliporudi, namba haikuwapo. Mahali pake palikuwa na herufi tatu. Herufi alizijua, neno hakulijua. Haikupungua, haikusimama, hili hakuambiwa. Labda mashine imemaliza kazi, ndivyo inavyoaga. Akatulia. Halafu akatazama picha: buluu ilikuwa ikitoweka, kuanzia pale ukutani, ikienea.

Akagonga.

"Uwera. Namba imeenda. Imebakia maandishi."

Akagonga tena.

"Sijue kama ni vibaya. Ukitaka kunigombeza, unigombeze, lakini uamuke."

Komeo likasogea, mlango ukafunguka. Uwera hakutazama kompyuta. Alitazama dirisha kwanza, macho mekundu.

"Iko bado giza," akasema. "Donc iko muda ya kurekebisha ukuta. Sogea, mama."