Sketi za Bigger

"Mama Rayan, umesikia? Nzioki anapanga wanawake kwa ukubwa, kama viazi!"

Jirani yangu Farhiya aliniambia hivyo tukianika nguo. Nikafunga mtoto mgongoni, nikaenda kujionea. Nzioki namjua. Anauza mitumba hapa Mwiki, na ukimkanyaga mguu, yeye ndiye huomba msamaha.

Kumbe alichopanga ni sketi. Mafungu manne juu ya turubai, kila moja na kadibodi: Small, Big, Bigger, Biggest. Kiingereza hicho alikipata kwa mama wa mandazi, anayewafungia wateja mandazi kwa kurasa za kamusi kuukuu. Nzioki hula pole pole, akisoma mpaka mafuta yafunike maandishi.

Wanawake wote walikuwa wamejazana kwa Small. Walipima vile sisi hupima: unazungusha kiuno cha sketi shingoni, na ncha zikikutana nyuma, imekutosha. Hapo kwa Small hazikukutana. Mmoja alivuta mpaka akakohoa. Kwa Bigger hata nzi hakutua.

Mwelu, mama wa chapati, alisimama kando, macho kwa sketi ya maua ya zambarau iliyokuwa juu ya fungu la Bigger. Jumamosi binti yake analetewa mahari, na sketi za Mwelu mwenyewe zote zimekataa kufunga.

"Dada, njoo upime," Nzioki akamwita.

"Bigger kuliko nani?" Mwelu akauliza kwa sauti. "Mtaje huyo mtu!"

Watu wakaangua kicheko. Nzioki akapindua kadibodi mbio mbio, akaandika Large.

"Hili ni neno la heshima, dada. Lilitoka kwa Wafaransa. Zamani mtu mkarimu ndiye aliitwa hivyo."

"Na lile fungu lingine?"

Kadibodi ya Biggest pia alikuwa ameshaipindua, akaandika Jumbo. Nzioki hajui kudanganya. "Jumbo alikuwa ndovu wa zamani kule Uingereza," akasema. "Maarufu sana."

"Kwa hivyo mimi ni mkarimu, nimebakisha kidogo tu niwe ndovu!"

Mwelu akaenda zake. Lakini aligeuka mara mbili kutazama yale maua, na Nzioki alimwona.

"Atavaa nini Jumamosi?" akaniuliza, uso umemwanguka. "Na ni mimi nimemfukuza na kadibodi."

Akaikunja ile sketi, akaitia kwa mfuko, akanisogelea. Akaongea chini chini ili wa Small wasisikie.

"Mama Rayan, shingo yake nimeipima kwa macho, hii itamtosha. Mpelekee. Mwambie ulijinunulia, ukafika nyumbani ikakubana."

Nikajitazama. Mimi hata Small huniteremka mpaka magotini.

"Ikanibana mimi, Nzioki?"

"Ikakubana, mama. Hapa kiunoni. Na tafadhali, ukimwambia, usicheke."