Taa Nane za Baba

Nikiuzima ubao wa baba, kitapotea nini? Swali hilo lilininyima usingizi baada ya kuanua matanga ya baba. Sebuleni kwetu Kiseke, juu ya kabati, ubao wake wa saketi ulikuwa bado unafanya kazi: taa nane ndogo nyekundu zikiwaka moja baada ya nyingine, taratibu. Betri ya gari iliyoupa umeme alikuwa amegawiwa baba mdogo, akawashie taa za kuvulia dagaa. Asubuhi angepanda nayo feri kwenda Nansio.

Baba alikuwa fundi redio, na ubao huo aliununua ujanani ili ajifunze prosesa za zamani. Prosesa yenyewe ni kipande cheusi chenye urefu wa kidole na miguu arobaini. Inachukua amri moja kwenye kumbukumbu, inaitekeleza, ndipo inachukua nyingine. Kumbukumbu iko pembeni yake, na umeme ukikatika inasahau kila kitu.

Kiseke umeme ulikatika sana. Ukirudi, baba aliniita, "Njoo unibonyezee." Alitaja programu kwa kichwa, mimi nikabonyeza vitufe. Mama aliuliza kwa nini asitafute chombo kinachokumbuka.

"Kikikumbuka," baba akamjibu, "huyu atakuja kukaa na mimi kufanya nini?"

Prosesa hiyo haijui kusubiri. Ukitaka taa ziende polepole, unaipa namba ihesabu kurudi hadi sifuri. Yetu ilikuwa 40, na taa zilikimbia.

Nilipokuwa chuoni Nyegezi, baba aliingiza programu peke yake kwa mara ya mwisho, akaunganisha betri ili isipotee. Taa hizi hazikukimbia. Aliandika nini? Ili nisome, ilibidi nibonyeze kitufe cha kuanza upya. Nilijua hakifuti kitu maadamu umeme upo. Lakini kama ubao huu una hitilafu? Kama kidole kikateleza?

Asubuhi nilimwamkia baba mdogo, akaitika marahaba, akaona mkono wangu uko hewani juu ya kitufe.

"Umesomea kompyuta, mwanangu, halafu unaogopa kitufe?"

"Naogopa kumfuta baba."

Hakutania tena. Aliweka mfuko wake chini, akakaa. "Bonyeza. Feri ikiniacha, ipo ya mchana."

Nikabonyeza. Taa zikasimama. Kwenye kioo kidogo cha ubao nilisoma amri moja moja kwa sauti, na zote nilizijua tangu utotoni. Namba moja tu ilikuwa imebadilika. Mahali pa 40 palikuwa na FF, ambayo kwa hesabu ya kawaida ni 255, namba kubwa kuliko zote ambazo prosesa hiyo inaweza kushika.

"Macho yake yalikuwa hayazifuati tena," mama akasema kutoka mlangoni. "Alitaka zimsubiri."

Nilirudia FF kimoyomoyo. Kisha nikachomoa waya, taa zikazimika, nikainua betri kwa mikono miwili na kumpelekea baba mdogo.