Chumvi ya Matumbawe ya Mama

Wiki iliyopita, nikiwa Nairobi kwa shughuli za ofisi, mvua ilinisukuma ndani ya duka moja la samaki wa kufuga. Nilisimama kando ya rafu nikijifuta uso. Muuzaji alidhani mimi ni mteja, akaniuliza kwa upole, "Unatafuta chumvi ya samaki peke yao, ama ya matumbawe?" Nikatoka, nikarudi kwenye mvua.

Acha nikueleze, rafiki yangu, maana si jambo la kumweleza muuzaji.

Tuliishi nje kidogo ya mji wa Nyamira, katika nyumba ya mabati yenye majani chai mbele na migomba nyuma. Baba alikuwa karani mjini. Mama alitoka pwani, upande wa Kilifi, akaja huku milimani kwa ajili ya ndoa. Nilipokuwa na miaka tisa figo zake zilianza kushindwa na kazi. Mara mbili kwa wiki baba alimpeleka hospitali ya Kisii kusafishwa damu, na daktari akamkataza chumvi. Nyanya, mama yake baba, ndiye aliyekuwa akitupikia. Hakutaka mtu yeyote ale kitamu mbele ya mgonjwa, kwa hiyo nyumba nzima ikaacha chumvi. Ndizi, mboga za managu, maharagwe, vyote vikawa na ladha ya maji ya moto.

Mama hakulalamikia chakula. Alichotamani ni bahari. Safari ya kwenda kwao hakuiweza tena, akabaki kutusimulia jinsi maji yanavyokupwa, na watoto wanavyotembea juu ya miamba wakichungulia vidimbwi vyenye samaki wadogo wa kila rangi. Baba alisikiliza. Kisha siku moja akarudi kutoka Nairobi na tangi la kioo, samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na kipande cha matumbawe kinachotosha kiganjani.

Sasa ikawa shida ya chumvi. Nyanya alileta ya jikoni. Jirani yetu, mwalimu wa kemia, akamzuia, akaeleza kwamba bahari si maji na chumvi tu. Ina vitu vingi vilivyoyeyuka ndani yake, na matumbawe huvitumia kujijenga, kama mtoto anavyojenga mifupa. Dukani Nairobi kulikuwa na aina mbili za chumvi iliyochanganywa tayari. Moja ilikuwa ya samaki peke yao. Nyingine, ghali zaidi, ilikuwa na kalsiamu na magnesiamu ya kutosha matumbawe. Baba alikuwa amechukua ile ya kwanza.

Kila Jumapili tulikoroga chumvi hiyo kwenye ndoo ya maji ya mvua, tukaiacha hadi kesho yake, tukapima ukali wa chumvi kwa kipimo cha kioo kinachoelea, ndipo tukabadilisha sehemu ya maji ya tangi. Samaki walinawiri. Matumbawe yakajikunja, yakafifia. Mwalimu alikuja na matone yake ya kupimia madini ya maji, akatikisa kichwa. Baba hakubishana. Alirudi Nairobi akaleta ile nyingine.

Wiki ziliposonga, asubuhi moja mama aliniita sebuleni. Vidole vidogo vya kijani vilikuwa vimejitokeza kwenye matumbawe, vikipepea. Mama aliegemeza paji la uso kwenye kioo akacheka, cheko ambalo hatukuwa tumelisikia tangu augue. Kuanzia siku hiyo kiti chake kikawa hapo.

Halafu akazidiwa. Alilazwa Kisii, baba akalala huko kwenye benchi, na tangi likaachwa mikononi mwangu. Nililifurahia jukumu hilo kuliko nilivyofurahia chochote maishani. Kila nikitoka shule nilikuta maji yamepungua kidogo. Nikakoroga chumvi ile nzuri, nikajaza. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena. Kipimo sikukitumia, niliogopa kukivunja. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba yanayokauka ni maji tu na chumvi hubaki, na kwamba nilipaswa kuongeza maji matupu.

Siku ya Sabato, tuliporudi kutoka kanisani, samaki wote wawili walikuwa wamelala ubavu sakafuni mwa tangi. Matumbawe yalikuwa yakivuja ute mweupe. Nyanya aliniondoa hapo kwa mkono, akafunika tangi kwa kanga.

Baba aliporudi kubadilisha nguo nilimweleza. Alinisikiliza akiwa amesimama, kofia mkononi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mama asijue. Mwambie samaki wapo kwa mwalimu, wanatunzwa."

Walimrudisha mama nyumbani kwa sababu hospitalini hapakuwa na la kufanya tena. Kila asubuhi, akiwa kitandani, aliuliza, "Samaki wangu hawajambo?" Nami nikajibu, "Hawajambo, mama." Aliuliza kama matumbawe yamekua, nikasema yamekua. Safari moja alinishika mkono akasema, "Usihangaike kuwarudisha, mwanangu. Huko wako salama." Sijui kama aliniamini au alikuwa akinihurumia. Alifariki kabla sijapata ujasiri wa kumwambia.

Mwalimu alihamishwa mwaka uliofuata. Nyanya alilitumia tangi kulelea vifaranga hadi kioo kilipopasuka, naye pia akatuacha. Ndugu za mama waliokuja mazishini waliahidi kunichukua likizo. Namba zao zikanyamaza moja baada ya nyingine. Nilipofika Kilifi nikiwa mtu mzima, nilikuta kwao pamejengwa na watu wasiojua jina la mama.

Baba sasa ni mzee. Nikimtaja mama, husema kwa Kigusii kwamba kuna kazi shambani, akanyanyuka. Nimewahi kumfuata mara moja. Nilimkuta amesimama katikati ya majani chai, hachumi kitu. Nikarudi nyumbani polepole asinione.

Kiswahili hiki ninachokiandika ni cha mama. Nyumbani kwetu hakuna tena anayekisema. Maneno yake ninayo yote, hata yale ya kunibembeleza, lakini sauti yake imenitoka. Nikiyatamka nikiwa peke yangu, ninachosikia ni sauti yangu tu.