Jino Langu na Mwanya wa Shosho

Watu wengine wakinusa karafuu hukumbuka pilau. Mimi hukumbuka dari nyeupe. Harufu hiyo ndiyo iliyojaa katika kliniki ya meno ya watoto kule Upper Hill, siku nilipolazwa kwenye kiti kinachopanda na kushuka, nikakaza midomo na kukataa katakata kuifungua. Nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa na hakika kwamba daktari amekosea, mama amekosea, na mwenye akili timamu mle chumbani ni mimi peke yangu. Sikuwa mtoto wa kuyumbishwa. Hata leo, waulizeni ninaofanya kazi nao.

Kisa kilikuwa jino la mbele, la juu, upande wa kulia. Lile la utoto liling'oka vizuri, la jirani yake pia, kisha la kushoto likaota na la kulia lisiote. Nyumba nyingine wangeuliza. Kwetu tulifurahi. Kwa Wakikuyu, binti wa pili hupewa jina la mama mzaa mama, na jina haliji peke yake. Watu hukuchunguza kila siku wakitafuta dalili kwamba mwenye jina amerudi. Nyanya yangu, Shosho Nyambura, alikuwa na mwanya uliosifiwa tangu usichana wake. Kwa hiyo nafasi ile mdomoni mwangu ilipobaki wazi, mama alinisimamisha mbele ya duka lake la nyuzi na vifungo pale Ngara, akawaita wauzaji wenzake waje waone. Wote walikubali kwamba nimeuchukua mwanya wa shosho. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia, na hakuna aliyewaza kwamba kuna jino linalokosekana.

Nami niliifaidi hali hiyo vilivyo. Shosho aliishi kwenye kipande cha shamba cha familia upande wa Kabete, bondeni, akifuga ng'ombe na kuuza maziwa kwenye mageti ya nyumba kubwa za Loresho. Kwake nilikalia kigoda chake, nikala utandu wa maziwa kabla ya binamu zangu, na aliyenung'unika aliambiwa huyu ndiye mwenye boma. Hata mama hakuniita Nyambura. Aliniita mami, kwa kuwa nilibeba jina la mama yake. Nilipenda ufalme ule kuliko kitu chochote, na niliamini kabisa kwamba taji lake ni ile nafasi mdomoni mwangu.

Mwalimu wangu wa darasa ndiye aliyeona jino la kushoto limeanza kuinamia upande ulio wazi, akamwambia mama anipeleke kwa daktari. Tukapigwa picha ya eksirei. Daktari, mama mmoja mtulivu mwenye sauti ya chini, akaibandika kwenye kisanduku cha mwanga na kutuonyesha: jino langu la kweli lilikuwa juu, ndani ya ufizi, limefungiwa njia na kajino ka ziada kadogo kama punje ya mchele. Alieleza kwamba atakatoa hako kajino, abandike mnyororo mwembamba kwenye lile jino kubwa, kisha alivute polepole kwa nyaya mpaka lishuke. Tukizidi kukaa, meno ya pembeni yataziba nafasi na huenda jino likapotea moja kwa moja. Mimi nilisikia jambo moja tu: wanataka kuniziba mwanya. Ndipo nikafunga mdomo. Mama alibembeleza, akatisha, akaahidi viatu, wapi. Daktari akasema turudi wiki ijayo na mtu ambaye mimi humsikiliza.

Tulirudi na shosho, amevaa kitambaa cha kichwa cha kanisani na koti lake la sufu, akiyatazama majengo ya Upper Hill kama mtu anayekagua ng'ombe asiyetaka kumnunua. Nilijua mambo yameisha. Mwenye mwanya amekuja kuutetea. Alisimama mbele ya ile picha kwa muda mrefu, akauliza jino liko wapi, akaonyeshwa. Kisha akanigeukia, akafungua mdomo wake na kuniambia niweke ukucha wa kidole gumba katikati ya meno yake. Ukucha ulipita kwa shida. Akaniambia nijaribu kwangu. Kidole kizima kiliingia.

"Mwanya iko na meno pande zote mbili," akasema. "Hii yako ni pengo. Mimi sikukupea pengo."

Niliona aibu, nikaona hasira, halafu, sijui kwa nini, nikaona nafuu. Nilifungua mdomo.

Sindano ya ganzi iliuma kuliko operesheni yenyewe. Kilichofuata ni miezi mingi ya nyaya, ya kurudi kukazwa mnyororo, ya uji na viazi vya kupondwa huku binamu zangu wakitafuna miwa mbele yangu kwa makusudi. Asubuhi moja ulimi wangu ukagusa kitu kigumu, chenye ncha za msumeno. Jino lilishuka, likapangika kando ya mwenzake, na katikati pakabaki uwazi mdogo. Daktari akasema sasa tumalizie kwa kuufunga.

"Hapo wachana nayo," nikasema.

Daktari akamtazama mama, akingoja anikaripie. Mama akacheka, akanishika kidevu.

"Daktari, mimi nitaambiaje mama yangu vile meno yake itakaa?"

Siku hizi naona wazazi wakimkimbiza mtoto kwa daktari jino likichelewa kidogo tu, na nafurahi. Sisi tulichelewa kwa sababu ya mapenzi, na nusura mapenzi hayo yaninyang'anye jino. Daktari kijana wa juzijuzi alinishauri nifunge mwanya, kwamba kazi yake ni ndogo. Nilimshukuru nikaenda zangu. Shosho tulimzika zamani, na mama sasa ndiye aliyezeeka. Kila nikifika kwake, kabla hata ya kunisalimu, huanza na kisa cha kuchekesha, na visa vyenyewe nimevisikia mara nyingi. Najua anachotafuta. Nacheka mdomo wazi, naye hunitazama meno mpaka nimalize, ndipo huuliza, "Umefika salama, mami?"