Uzi wa Pindo la Gauni

Miaka ile ya uhaba, hospitali yetu pale Babati ilikuwa na sindano za kushonea vidonda lakini haikuwa na uzi. Baba alikuwa amejikata mguu kwa shoka. Muuguzi akatuambia tulete uzi wetu, yeye atauchemsha.

Jirani yetu, mvuvi wa ziwani, alikimbia akaleta mshipi wake wa nailoni wa kuvulia. Nikamfokea kwamba baba yangu si samaki. Nikafumua pindo la gauni la mama la kanisani, nikampa muuguzi uzi wa pamba. Ulikuwa laini, nikaona hautamuumiza.

Mguu ulivimba, ukaoza. Baba hakumaliza mwezi.

Sasa mimi ni mhandisi wa kemikali, natafiti nyuzi za kushonea watu. Nilijifunza mapema masomoni kwamba pamba hunyonya usaha na kufuga vijidudu ndani ya kidonda, na kwamba nailoni ingekuwa salama zaidi.

Kila nikirudi nyumbani Bagara, hapo hapo Babati, kumsalimia mama, yule mvuvi huja. Namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, kisha ananiomba tena msamaha kwa kuleta mshipi siku ile.

Na mimi, mtaalamu mzima, huwa namwambia nimeshamsamehe.